Chanjo ya Mbwa na Paka: Funzo la Pemba Kuelekea Mwaka 2030

Kila ifikapo tarehe 28 Septemba, mataifa mbalimbali duniani, Tanzania ikiwamo, huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tarehe hiyo ni kumbukizi ya kifo cha mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, aliyefariki mwaka 1895, miaka 10 baada ya chanjo aliyoitengeneza pamoja na wenzake kumwokoa kijana aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Pamoja na umri mkubwa wa kinga hiyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 bado hupoteza maisha kila mwaka kutokana na ugonjwa huo, wengi wao barani Afrika na Asia. Kati ya kila watu 10 wanaofariki, wanne ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15.

Kutokana na hali hiyo, WHO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani (WOAH), kwa kushirikiana na wadau wengine, yaliweka lengo la kuhakikisha kuwa ifikapo mwaka 2030 hakuna binadamu anayekufa kwa kichaa kinachoenezwa na mbwa. Muda uliosalia ni mfupi. Uzoefu wa Tanzania yenyewe, hususan katika Kisiwa cha Pemba, unathibitisha kwamba lengo hilo linafikika. Uzoefu huohuo unaonesha pia jinsi mafanikio yanavyoweza kupotea pale chanjo ya mbwa inapokatizwa kwa kuwa ugonjwa hauonekani tena.

Ugonjwa usio na tiba, wenye kinga

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Virusi hivyo huingia mwilini kupitia jeraha la kuumwa, mkwaruzo, au mate yanapogusa kidonda, macho au mdomo. Kutoka hapo husafiri taratibu kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka mzima. Dalili zikishajitokeza, zikiwamo homa, maumivu yasiyo ya kawaida mahali palipoumwa, kuhangaika, hofu ya maji au kupooza, mgonjwa karibu kila mara hufariki.

Kipindi hicho kati ya kuumwa na kuugua ndicho humpa mgonjwa nafasi ya kuokolewa, na pia ndicho huwafanya wengi wazembee. Jeraha hupona, mbwa aliyeuma hutoweka, na familia husahau. Dalili zinapoanza, baadhi ya ndugu huzihusisha na malaria iliyopanda kichwani au na ushirikina, na mgonjwa hufia nyumbani bila kuingizwa katika takwimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliotumia taarifa za majeraha ya kuumwa na mbwa, ulikadiria kuwa Tanzania ilikuwa ikipoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka kwa kichaa cha mbwa, ilhali taarifa rasmi za wakati huo zilirekodi wastani wa vifo 11 hivi. Pengo la ukubwa huo huathiri maamuzi, kwa kuwa ugonjwa usioonekana kwenye takwimu ni vigumu kupewa fedha.

Karibu asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa afya ya binadamu na wa afya ya wanyama wanakubaliana katika jambo moja: mlango wa kuufunga ugonjwa huu uko kwa mbwa.

Asilimia 70 na maana yake

Lengo linalotumika kimataifa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote katika eneo, kila mwaka. Wananchi wengi hulisikia lengo hilo katika matangazo, lakini msingi wake haujaelezwa vya kutosha.

Tofauti na surua au mafua, kichaa cha mbwa hakienei kwa kasi kubwa. Uchunguzi wa kina uliofanyika katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, ambako watafiti walifuatilia mbwa mmoja baada ya mwingine ili kujua nani alimuuma nani, ulionesha kuwa mbwa mmoja mgonjwa huambukiza kwa wastani mbwa wasiozidi wawili. Ugonjwa wenye mnyororo dhaifu kiasi hicho hukatika hata kama si kila mbwa amechanjwa.

Kwa nini basi asilimia 70? Sababu ni maisha mafupi ya mbwa wetu. Vijijini mbwa wengi hufa wakiwa wadogo na wengine wengi huzaliwa kila mwaka. Kila mbwa aliyechanjwa anapokufa na nafasi yake kuchukuliwa na mtoto wa mbwa asiye na kinga, kiwango cha kinga katika kijiji hushuka. Kampeni inayofikia asilimia 70 huacha akiba ya kutosha kufikia kampeni inayofuata. Inayofikia asilimia 40 huishiwa na akiba hiyo katikati ya mwaka, na virusi hupata njia. Vivyo hivyo, kampeni nzuri inayofanyika mwaka mmoja na kurukwa mwaka unaofuata hupoteza sehemu kubwa ya fedha iliyotumika.

Kilichotokea Pemba

Pemba ni mahali pazuri pa kupima hoja hiyo kwa sababu ni kisiwa, na mbwa hawaingii ovyo kutoka nje. Watafiti wa Kitanzania na wenzao wa kimataifa walifuatilia ugonjwa huo kisiwani humo kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Walitembelea kaya za watu walioumwa na kuchunguza vinasaba vya virusi ili kutambua kila mnyororo wa maambukizi ulianzia wapi na uliishia wapi.

Mwaka 2010 kulikuwa na minyororo mitano ya maambukizi iliyokuwa ikiendelea kwa wakati mmoja. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka ilipoanza na kuboreshwa hadi kufikia kisiwa chote, idadi ya mbwa wagonjwa, watu walioumwa na waliofariki ilipungua hatua kwa hatua. Ilipofika Mei 2014, minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Pemba ilikuwa huru.

Baada ya hapo chanjo ilisita. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingia tena kisiwani, na uchunguzi wa vinasaba ulionesha kuwa viliingia mara mbili tofauti. Mbwa wengi hawakuwa tena na kinga, hivyo ugonjwa ulipata mahali pa kuenea. Kisiwa kililazimika kuanza upya. Chanjo ya mbwa ilirejeshwa katika eneo lote, na mlipuko ukazimwa Oktoba 2018.

Kipindi hicho cha miaka minane kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba chanjo ya mbwa hufanya kazi hata katika mazingira ya rasilimali ndogo, na hufanya kazi haraka. Minyororo iliyokuwapo ilikatika ndani ya takribani miaka minne, na mlipuko wa pili ndani ya miaka miwili. Funzo la pili ni kwamba eneo lililokwisha kuutokomeza ugonjwa linabaki hatarini endapo majirani zake bado wanao. Kwa maeneo ya Bara, ambako hakuna bahari inayotenganisha wilaya na wilaya, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Halmashauri moja ikichanja na jirani yake isipochanja, mpaka wa kiutawala haumzuii mbwa kuuvuka.

Nani analipa, nani ananufaika

Utafiti huohuo wa Pemba ulipima gharama. Kumpatia mtu aliyeumwa chanjo baada ya tukio kulikadiriwa kugharimu takribani dola za Marekani 256 kwa kila kifo kilichozuiwa. Mpango unaojumuisha chanjo ya kila mwaka kwa mbwa pamoja na chanjo bila malipo kwa walioumwa ulikadiriwa kugharimu takribani dola 1,657 kwa kila kifo kilichozuiwa.

Kwa hesabu ya haraka, mtu anaweza kuuliza kwa nini isitumike njia ya kwanza peke yake. Jibu ni kwamba chanjo ya binadamu humwokoa aliyeumwa, lakini haimgusi mbwa aliyemuuma. Mbwa huyo, kabla ya kufa, huwa amekwisha kuwauma wengine, na mwaka unaofuata idadi ya wanaohitaji chanjo haipungui. Watafiti walihitimisha kuwa chanjo ya mbwa pekee ndiyo inayokatiza maambukizi, na kwamba kwa kubaki huru dhidi ya ugonjwa, Pemba inaepusha zaidi ya familia 30 kila mwaka na madhila ya kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Kwa viwango vya uchumi wa afya, mpango huo wa pamoja bado ni wa gharama nafuu sana.

Ugumu uko katika namna gharama na manufaa vinavyogawanyika. Anayetakiwa kumpeleka mbwa kuchanjwa ni mfugaji, lakini anayeokolewa mara nyingi ni mtoto wa jirani. Anayepanga bajeti ya chanjo ya mbwa ni idara ya mifugo ya halmashauri, lakini akiba inayopatikana huonekana katika idara ya afya, pale dozi za binadamu zinapopungua. Ng'ombe, mbuzi na kuku huleta kipato na mapato ya halmashauri, wakati mbwa na paka hawaleti. Katika mazingira hayo ni rahisi kwa chanjo ya mbwa kuwekwa mwisho wa orodha bila mtu yeyote kuwa amekusudia vibaya.

Mzigo unaobaki huangukia familia ya aliyeumwa. WHO inakadiria kuwa gharama ya matibabu baada ya kuumwa, pamoja na nauli na siku za kazi zinazopotea, hufikia wastani wa dola za Marekani 108 duniani. Kwa mkulima mdogo anayelazimika kusafiri na mtoto kutoka kijijini hadi mjini zaidi ya mara moja ili kukamilisha dozi, fedha hizo zinaweza kumaanisha kuuza mbuzi au akiba ya mahindi ya msimu. Wapo wanaoishia dozi ya kwanza.

Ndiyo maana Tanzania iliweka kichaa cha mbwa katika orodha ya magonjwa ya kipaumbele yanayoambukizwa kati ya wanyama na binadamu, pamoja na homa ya Bonde la Ufa, kimeta, homa ya mafua ya ndege, malale na ugonjwa wa kutupa mimba. Dhana ya Afya Moja, inayoratibiwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, inakusudiwa kuziunganisha sekta hizo ili daktari wa binadamu anayempokea aliyeumwa ampe taarifa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na mbwa atafutwe kabla hajauma wengine.

Wanaosahaulika: paka na watoto wa mbwa

Katika vituo vingi vya chanjo, mbwa wakubwa ndio huletwa. Makundi mawili husahaulika.

La kwanza ni watoto wa mbwa. Imani kwamba mbwa aliye chini ya miezi mitatu hafai kuchanjwa bado ipo miongoni mwa wafugaji. Mwongozo wa kimataifa wa kampeni za kichaa cha mbwa unaelekeza kuchanja mbwa wote waliopo, wadogo wakiwamo. Kwa kuwa watoto wa mbwa ni sehemu kubwa ya mbwa wa kijiji, na ndio wanaochezewa na watoto wa binadamu, kuwaacha nyumbani siku ya chanjo kunaliacha pengo palepale linapoumiza.

La pili ni paka. Paka hupata kichaa cha mbwa anapoumwa na mnyama mgonjwa, na anaweza kumwambukiza binadamu kwa meno na makucha. Mkwaruzo wa paka mara nyingi huonekana jambo dogo, hivyo hautolewi taarifa. Ugumu wa kumpeleka paka kituoni ni wa kweli, kwani hafungwi kamba kama mbwa. Kapu lenye mfuniko, tenga au boksi lenye matundu linatosha kumbeba kwa usalama.

Zaidi ya kichaa

Huduma ya kinga kwa mbwa na paka haiishii kwenye sindano ya kichaa. Mbwa hukabiliwa na ugonjwa wa parvo, unaoua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu na kutapika, pamoja na distempa, inayoshambulia mapafu, tumbo na mishipa ya fahamu. Paka wanayo magonjwa yao ya virusi, likiwamo lile linalofanana na parvo. Yote haya yana chanjo, na kwa magonjwa hayo mnyama mdogo huhitaji dozi zaidi ya moja kwa ratiba anayopanga daktari wa mifugo.

Distempa ina historia isiyosahaulika nchini. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliwakumba simba wa Serengeti na kuua takribani theluthi moja yao, idadi inayokadiriwa kuwa 1,000. Virusi vilivyowaua vilihusishwa na mbwa wafugwao katika vijiji vinavyozunguka hifadhi. Kwa nchi ambayo utalii wa wanyamapori ni chanzo kikuu cha fedha za kigeni, afya ya mbwa wa mfugaji aliye jirani na hifadhi ni jambo la uchumi wa taifa.

Minyoo nayo ina sehemu yake. Katika jamii za wafugaji, mbwa anayelishwa mapafu au maini yenye uvimbe wa maji kutoka kwa mbuzi au kondoo aliyechinjwa hupata minyoo tegu midogo. Mayai yake hutoka na kinyesi, na binadamu akiyameza hupata uvimbe kama huo kwenye ini au mapafu yake, ambao mara nyingi huhitaji upasuaji. Kuteketeza au kufukia viungo hivyo machinjioni na kumpa mbwa dawa ya minyoo kwa utaratibu huvunja mzunguko huo kwa gharama ndogo. Kudhibiti kupe na viroboto, kuhasi madume na kufunga kizazi majike asiyekusudiwa kuzaa ni sehemu ya huduma hiyohiyo.

Kuua mbwa si mbadala

Panapotokea tukio la kuumwa watu wengi, shinikizo la kwanza katika jamii huwa ni kuwaua mbwa wote wanaozurura. Mnyama mwenye dalili za kichaa ni lazima adhibitiwe na wataalamu, na kichwa chake kichukuliwe kwa uchunguzi wa maabara. Hata hivyo, kuua mbwa kwa jumla hakujathibitika kuutokomeza ugonjwa. Mbwa waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa, wafugaji huwaficha au kuwahamishia kijiji kingine, na nafasi iliyoachwa hujazwa haraka na mbwa wapya wasio na kinga. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama, na utoaji wa sumu holela huhatarisha pia watoto, mifugo na ndege.

Kikwazo kingine kilichokuwa kikitajwa mara kwa mara ni ubaridi. Chanjo huhifadhiwa kwenye jokofu, na vijiji vingi viko mbali na umeme wa uhakika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha mbwa wa Tanzania, ulionesha kuwa aina mojawapo ya chanjo ya kichaa iliendelea kufanya kazi baada ya kuhifadhiwa miezi sita katika nyuzi joto 25, au miezi mitatu katika nyuzi 30. Matokeo hayo yanafungua uwezekano wa kuweka akiba ya chanjo hadi ngazi ya kata chini ya usimamizi wa mtaalamu, ili mbwa waliozaliwa baada ya kampeni wasisubiri mwaka mzima.

Wajibu wa kila mmoja

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003 inaweka msingi wa kudhibiti magonjwa ya mifugo na wanyama wengine nchini, na Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka huohuo iliunda Baraza la Veterinari linalosajili wataalamu wa huduma hizo. Mwananchi anapaswa kuhakikisha kuwa anayemchanja mnyama wake ni mtaalamu anayetambulika, na kwamba anapatiwa cheti au kadi yenye tarehe ya chanjo. Kadi hiyo ndiyo ushahidi wa kwanza utakaohitajika siku mnyama atakapomuuma mtu.

Kwa aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa, paka au mnyamapori, hatua ya kwanza ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Baada ya hapo afike bila kuchelewa katika kituo cha kutolea huduma za afya, na akamilishe dozi zote atakazopangiwa hata kama jeraha limepona. Kupaka majani, mafuta au pilipili kwenye jeraha hakuui virusi. Mbwa au paka aliyeuma, iwapo anaonekana mzima na anaweza kufungiwa kwa usalama, achunguzwe na mtaalamu kwa siku 10, huku matibabu ya aliyeumwa yakiendelea. Taarifa itolewe kwa ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa na kwa afisa mifugo wa kata.

Kwa upande wa halmashauri, funzo la Pemba linagusa ratiba na bajeti. Chanjo ya mbwa na paka inahitaji kifungu chake cha kudumu, kinachoendelea kutengewa fedha hata katika mwaka ambao hakuna aliyeripotiwa kuumwa, na kampeni zinahitaji kufanyika kwa wakati mmoja na halmashauri jirani. Kwa upande wa mfugaji, wajibu ni kumfikisha kituoni kila mbwa na kila paka aliye nyumbani, mkubwa na mdogo, kila mwaka tangazo la chanjo linapotolewa.